Mishipa ya shingo, kiwanja cha Pongwe na dola 11,000

MUULIZE SHANGAZI

Shangazi, shikamoo. Nakuandikia kutoka Tanga. Dada yangu anayenifuata ana miaka 34, ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka juzi jicho lake la kulia lilififia kwa wiki 3, tukadhani ni mtoto wa jicho, kisha likarudi lenyewe. Mwaka huu, miezi 4 baada ya kujifungua, alianza ganzi kwenye nyayo, ikapanda mpaka kiunoni, akawa anatembea kwa kushika ukuta. Dar es Salaam walimpiga MRI, wakasema ni maltipo sklerosisi, wakamtundikia dripu za steroidi siku 5. Nafuu ameipata kubwa, ingawa mguu wa kushoto bado anauburuta. Dawa ya kuendelea nayo hajaanza, tuliambiwa ni ghali.

Sasa mjomba wetu aliyeko Muscat ametuletea habari kwamba ugonjwa huu unatokana na kuziba kwa mishipa ya shingo, kwamba kuna daktari wa Italia aliyemponya mke wake mwenyewe kwa kuizibua kwa puto, na kwamba madaktari wanaificha habari hii ili kampuni za dawa ziendelee kula. Amepata kliniki ya nje inayofanya kazi hiyo kwa dola 11,000, tiketi na malazi mbali. Baba ameshamwita dalali kwa ajili ya kiwanja chetu cha Pongwe. Mimi peke yangu nimesema tusubiri, na nyumbani sasa naonekana mchoyo. Je, mjomba anasema kweli?

Mwenye Kusubiri, Tanga

Marahaba, mwanangu. Mpe dada pole nyingi, na umwambie baba ampumzishe huyo dalali. Kiwanja kisiuzwe kwa ajili ya puto. Nimeanza na jibu ili usiku wa leo mlale, lakini najua mjomba hatakubali neno moja kutoka kwa mwanamke wa gazetini, kwa hiyo sasa nikueleze kwa kirefu. Jambo hili nimelishika kwa mkono wangu. Kabla ya kurudi nyumbani Mombasa nilipiga picha za ultrasaundi hospitalini kwa miaka 19, huko Ontario, Kanada, na Kanada ndiyo nchi iliyopagawa na habari hii kuliko zote.

Mjomba hakudanganywa yote. Daktari huyo yupo. Anaitwa Paolo Zamboni, mpasuaji wa mishipa ya damu wa Chuo Kikuu cha Ferrara, kaskazini mwa Italia. Mkewe, Elena, aligunduliwa na ugonjwa huuhuu wa neva wa dada yako, maltipo sklerosisi, kwa kifupi MS, mwaka 1995. Mtu akiwa fundi wa mishipa na ugonjwa ukamwingilia chumbani kwake, atautazama kwa jicho la mishipa, na mimi ningefanya vivyo hivyo. Akafukua maandishi ya zamani, akakuta jambo ambalo ni kweli na lilionwa tangu karne ya 19: makovu ya MS ndani ya ubongo hupenda kukaa kandokando ya vena ndogo, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni.

Zamboni alikuwa amezoea miguu. Bila shaka umewahi kumwona mzee mwenye vena mbovu za miguu. Damu inamtuama kwenye kifundo, chembe nyekundu zinavuja, zinaacha madini ya chuma chini ya ngozi, ngozi inageuka kahawia na mwisho wake kidonda kisichokauka. Akajiuliza: kama damu inayoshuka kutoka kichwani nayo inatuama, chuma hakiwezi kurundikana ubongoni na kuichokoza kinga ya mwili? Aliowashuku ni jugula, yaani vena mbili kubwa za shingoni zinazoteremsha damu ya ubongo, na azigosi, vena ya kifuani inayopokea damu ya uti wa mgongo. Hali hiyo akaipa jina refu lililofupishwa CCSVI. Kwa Kiswahili chetu tuseme ni udhaifu sugu wa vena za ubongo na uti wa mgongo.

Ni wazo zuri. Wengi wakijibu maswali kama lako huanza kwa kumcheka huyu Mwitaliano. Mimi simcheki, na mbele utaona kwa nini.

Mwaka 2009 alichapisha matokeo yaliyotikisa watu. Alipima wagonjwa 65 wa MS na watu wengine 235 wasio na MS. Kwa ultrasaundi yake wagonjwa wote walikuwa na kasoro za vena, na kati ya wale wengine hakuna hata mmoja. Wote kwa wote, sifuri kwa sifuri! Mtu aliyefanya kazi ya vipimo akisikia hesabu safi namna hiyo, nywele zinapaswa kumsimama. Hata kipimo cha mimba hakisemi kweli kila siku. Mwishoni mwa mwaka huohuo akatoa ripoti ya pili, ya wagonjwa 65 aliowaingizia puto na kuwafuatilia miezi 18. Wengi walionekana kupata nafuu, hasa wale ambao ugonjwa wao huja na kuondoka. Lakini soma mpaka chini: kwa asilimia 47 jugula zilibana tena, na hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo.

Nani asome mpaka chini? Novemba 2009 televisheni ya Kanada ilirusha kipindi juu yake, na pale ndipo jina la “matibabu ya ukombozi” lilipoenea. Elena, ikasemwa, tangu azibuliwe mwaka 2007 hajapata shambulio tena. Kanada ni miongoni mwa nchi zenye MS nyingi zaidi duniani. Pale nilipoishi kila jengo la ghorofa lina mgonjwa, kila kanisa lina mgonjwa. Sasa mfikirie mtu ambaye kwa miaka 15 ameambiwa “hatuna tiba”, usiku mmoja anasikia neno ukombozi kwenye televisheni inayoonekana nchi nzima.

Januari 2010 simu za idara yetu hazikukaa kimya. Watu walitaka kupimwa shingo, leo, wakiwa tayari kulipa taslimu. Wakubwa wetu wakatukataza: shingo za wagonjwa wa MS zisipimwe kwa sababu hiyo mpaka utafiti ufanyike. Tulikatazwa, basi tukafanya. Si kwa wagonjwa, kwa sisi wenyewe. Jioni moja, wagonjwa wamekwisha, mimi na mwenzangu wa zamu tulifunga mlango. Akalala kitandani, nikampaka jeli shingoni. Alikuwa mzima wa afya, anakimbia kilomita 10 kila Jumapili.

Kwenye kioo cha mashine unaona duara mbili zimelala ubavu kwa ubavu. Moja inadunda, ukuta wake mnene, hata uikandamize inabaki duara: hiyo ni ateri ya karotidi, inayopandisha damu kichwani. Pembeni yake kuna nyingine laini, pana, haina umbo lake maalumu, inapanuka na kusinyaa kadiri mtu anavyopumua. Hiyo ndiyo jugula. Nilipoiacha probu, kile kishikio cha mashine kinachopitishwa juu ya ngozi, ielee juu ya jeli, jugula yake ilikuwa pana kama kifungo cha koti. Kisha nikauachia mkono wangu uzito wake wa kawaida, sikusukuma, ule uzito wa mkono uliochoka saa 12 jioni, ikalala kama mdomo uliofumbwa. Nikamwambia ageuze kichwa kushoto kidogo, ikabana kwa juu. Nikamwambia abane pumzi kama anayejikamua, ikafura. Nikamwambia aketi, ikapotea kabisa kwenye kioo, na huo si ugonjwa: mtu akiketi jugula hunywea, damu ikashukia njia ya vena za uti wa mgongo. Akanywa bilauri mbili za maji, tukapiga soga nusu saa, tukarudia. Ikawa pana kuliko mwanzo.

Vigezo vya Ferrara vilikuwa 5, na ukipatikana na viwili umeshahesabiwa. Mwenzangu jioni ile nilimpata na viwili, kisha kimoja, kisha hana kitu, bila yeye kutoka chumbani. Tukabadilishana. Yeye alipoishika probu, mgonjwa nikawa mimi.

Ungedhani baada ya hapo nilipata akili. Ghorofa mbili juu yangu aliishi dereva wa lori wa miaka 51, MS yake ilikuwa imeshavuka hatua ya kuja na kuondoka, inashuka tu polepole. Alikuwa akitembea kwa fimbo. Alijua kazi yangu. Siku moja ndani ya lifti akaniuliza: “Niende?” Aliniambia nchi, bei, tarehe. Nilikuwa na jioni ile ya jeli kichwani mwangu, nikaweza kumsimulia. Badala yake nikamwambia, “Jaribu, huna cha kupoteza.” Nilisema hivyo kwa sababu lifti ilikuwa imefika kwangu, mlango umefunguka, na macho yake yalikuwa usoni pangu.

Aliuza lori, akalipa dola 14,000. Akarudi na stenti mbili, vile vibomba vya wavu vya chuma vinavyoachwa ndani ya mshipa ili usibane tena, moja kila upande wa shingo. Usiku wa kwanza aligonga mlango wangu. “Shika miguu yangu,” akasema, “ina joto!” Nilishika. Ilikuwa na joto. Alikuwa ameshuka kwa ngazi. Mwanangu, nililia pale mlangoni, nikajiambia kumbe sisi ndio tuliokuwa wajinga. Hiyo ilikuwa Mei. Agosti fimbo ilirudi. Mwaka uliofuata wakamletea kiti cha magurudumu, na kila akienda kwa daktari anaulizwa hizo stenti ni za aina gani, nani amekuandikia dawa hii ya kuyeyusha damu, na yeye karatasi alizopewa zilikuwa kurasa mbili. Hakunilaumu hata siku moja. Alinisalimu kwenye lifti kama kawaida, na mimi nikaanza kutumia ngazi.

Joto la miguu halikuwa uongo, na yeye hakuwa mwongo. MS ina tabia ya kupanda na kushuka, na mtu hukata tiketi ya ndege siku alizo hoi, hakati siku anajisikia vizuri. Ukianza kuhesabu kutoka shimoni, hatua yoyote ni ya kupanda. Ongeza matumaini, ongeza lori lililouzwa. Ndiyo maana swali hili haliwezi kujibiwa na jirani yangu, wala na Elena, wala na mtu yeyote mmoja aliyerekodiwa video akipanda ngazi. Dada yako mwenyewe jicho lilirudi bila puto. Angekuwa amezibuliwa shingo wiki hiyo, leo mngekuwa mnamwita shahidi.

Basi ikafanywa kazi ya kutenganisha. Kwanza kipimo chenyewe. Buffalo, jimbo la New York, walipima watu 499 kwa ultrasaundi. Wenye MS waliokutwa na hali hiyo walikuwa asilimia 56, wazima asilimia 23, na wenye magonjwa mengine ya neva asilimia 42. Zile hesabu safi za Ferrara zikavunjika. Kisha mwaka 2013 daktari Anthony Traboulsee wa Vancouver na wenzake wakaacha kubishana juu ya probu, wakaingiza katheta, yaani mrija mwembamba, ndani ya vena zenyewe na kupiga picha kwa dawa ya rangi, kwa wagonjwa, kwa ndugu zao wa tumbo moja, na kwa watu baki. Jugula au azigosi iliyobana kwa zaidi ya nusu ilikutwa kwa asilimia 74 ya wagonjwa, asilimia 66 ya ndugu zao na asilimia 70 ya watu baki. Soma tena hizo tatu. Shingo nyembamba ni ya binadamu, kama pua kubwa. Hata mjomba huko Muscat akipimwa huenda akakutwa nayo.

Halafu matibabu. Kanada walichukua wagonjwa 104 katika miji minne: Vancouver, Winnipeg, Montreal na Quebec. Wote waliingizwa katheta. Takriban nusu puto likajazwa, nusu nyingine ikawa maigizo tu, na si mgonjwa wala aliyempima baadaye aliyejua nani amepata nini. Baada ya mwaka mzima, kwa picha za ubongo, kwa mwendo, na kwa yale wagonjwa waliyojisemea wenyewe, makundi yakawa sawasawa. Matokeo yalitangazwa Machi 2017.

Na sasa kwa nini simcheki Zamboni. Jaribio la namna hiyohiyo lilifanyika Italia, vituo 6, na aliyeliongoza ni yeye mwenyewe. Watu 115 wenye MS ya kuja na kuondoka: 76 walitanuliwa vena, 39 waliigiziwa. Baada ya miezi 12 hapakuwa na faida. Ripoti ilitoka mwaka huohuo wa 2017, jina la kwanza juu yake ni Zamboni, na ilisema wazi kwamba utaratibu huo hausaidii na haupaswi kupendekezwa kwa wagonjwa wa MS. Mtu amebeba wazo hilo tangu mkewe alipougua, dunia nzima imemwita mkombozi, halafu anaweka sahihi kwenye karatasi inayolizika. Mweleze mjomba hivyo: anayesema puto halifai ni huyohuyo daktari wa Italia anayemtegemea.

Habari ya kufichwa nisiipitie kimya, kwa sababu ndiyo inayowauma watu wengi. Jambo lililooneshwa kwenye televisheni nchi nzima, likabishaniwa bungeni, likagharimiwa na serikali (jimbo la Saskatchewan lilikubali hata kulipia raia wake wakashiriki jaribio la Albany, Marekani) hilo limefichwa wapi? Ni kweli kampuni za dawa zinakula, na zinakula vizuri. Lakini kliniki ya dola 11,000 nayo haifungui mlango kwa sadaka.

Hatari nayo ipo. Mei 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo: vifo, kiharusi, damu kuganda, stenti kung'oka na kusafiri, neva zitokazo ubongoni kuumia. Stenti iliyotengenezwa kwa ajili ya ateri ukiitia ndani ya vena inakuwa na tatizo moja la kimaumbile. Ateri husinyaa kadiri inavyokwenda mbele, kwa hiyo kitu kikiteleza kinanasa. Vena hupanuka kadiri inavyokaribia moyo. Kikiteleza kinashuka. Huko California mgonjwa mmoja ilibidi apasuliwe kifua kukitoa moyoni.

Kama si vena, basi ni nini? Kinga ya mwili inakosea adui, inatafuna ganda linalozifunika neva, kama panya anavyoguguna mpira wa waya wa umeme. Mwaka 2022 watafiti wa Harvard waliochambua kumbukumbu za zaidi ya askari milioni 10 wa Marekani walionesha kwamba aliyeambukizwa kirusi cha Epstein-Barr hatari yake ya kupata MS inapanda mara 32. Kirusi hicho karibu kila mtu mzima anacho, kwa hiyo peke yake hakitoshi. Na hilo la kuanza miezi michache baada ya kujifungua, waambie mawifi wanyamaze. Mimba huutuliza ugonjwa huu, hasa miezi mitatu ya mwisho, na baada ya kujifungua huamka. Si kijicho cha mtu.

Sasa pesa yenu ielekezwe wapi. Hapa ndipo ningependa uandike kwenye karatasi. Historia ya dada yako, jicho kwanza, kisha ganzi mpaka kiunoni, inaweza kuwa MS, na inaweza kuwa ndugu yake anayeitwa NMO, ugonjwa mwingine wa kinga ya mwili unaoshambulia hasa neva za macho na uti wa mgongo, ambaye kwa watu weusi tunapaswa kumfikiria mapema zaidi kuliko wanavyofanya Ulaya. Kuna kipimo cha damu cha kutafuta kingamwili ya akwaporini-4, ambayo ndiyo alama ya NMO. Muulize daktari wake wa neva kama kimefanywa, na kama hakifanyiki hapo, sampuli inaweza kupelekwa maabara gani. Muulize pia kovu la kwenye uti wa mgongo lina urefu gani: likipita pingili tatu mfululizo, shaka ya NMO inaongezeka. Na umuulize dada mwenyewe kama aliwahi kushikwa na kwikwi au kutapika kwa siku nyingi bila sababu. Watu hawataji kwikwi kwa daktari wa miguu, nayo ni dalili. Haya yana uzito kwa sababu baadhi ya dawa za MS, interferoni kwa mfano, na fingolimodi, zinaizidisha NMO. Kumpa mtu dawa ghali inayomdhuru ni hasara mara mbili.

Na hilo la “dawa ni ghali” msilipokee kwa ujumla, ulizeni jina. Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za MS kwenye orodha yake ya dawa muhimu: kladribini, glatirama na rituksimabu. Hii ya mwisho wodi za saratani zinaijua, maana hutibu limfoma, ina matoleo ya bei nafuu yanayotengenezwa na kampuni zaidi ya moja, hutolewa kwa dripu mara chache kwa mwaka, na kwa NMO nayo hutumika. Kabla ya kuianza apimwe homa ya ini ya B na kifua kikuu. Na daktari ajue ananyonyesha. Bei muulize mfamasia wa hospitali yenyewe, si mtu wa mtaani. Sehemu ya hizo dola 11,000, iliyowekwa benki na kutolewa kidogokidogo, nadhani itawafikisha mbali, na Pongwe itabaki Pongwe.

Mazoezi ya mguu wa kushoto aanze sasa, asisubiri dawa. Mjomba msimgombeze. Mpeni kazi: aiulize hiyo kliniki, kwa maandishi, kama daktari wake amesoma ripoti ya Zamboni ya 2017 na anaijibu vipi. Nitafurahi kuliona jibu.

*

Shangazi, mimi ni mwanamke wa Mombasa, nina MS mwaka wa 6 na natumia dawa. Nikitoka sokoni saa 8 mchana jicho linaingia ukungu na miguu inakuwa ya pamba. Nikikaa chini ya feni nusu saa vinarudi. Je, kila siku ninapata shambulio jipya?

Mpenda Feni

Hapana. Neva iliyogugunwa ganda hupitisha umeme kwa taabu, na mwili ukipata joto kidogo tu inashindwa. Ukipoa inaendelea na kazi. Daktari mmoja Mjerumani, Uhthoff, aliliandika jambo hili mwaka 1890, na zamani madaktari waliwatia wagonjwa kwenye maji ya moto makusudi ili kuuthibitisha ugonjwa. Bahati yako hukuzaliwa wakati huo. Hakuna kovu jipya linaloota kwa sababu ya jua la Kongowea. Dalili ikikaa zaidi ya siku nzima na hali umepoa, hiyo ndiyo ya kumpigia daktari, na kwanza wakupime mkojo, maana homa ya njia ya mkojo nayo hufanya hivyohivyo. Soko liende na asubuhi saa 1. Beba chupa ya barafu, leso iloweke maji uivae shingoni. Na jikoni, chapati za jioni apike mwingine, wewe umekaa unatoa amri.

*

Shangazi, nikikutumia picha zangu za MRI kwa WhatsApp unaweza kunisomea?

Msomaji, Bujumbura

Siwezi, mwanangu. Kwanza MRI si fani yangu, mimi nilikuwa mtu wa jeli na probu. Pili, picha ulizonitumia bila kusubiri jibu umezipiga kwenye kioo cha dirisha, na kilichoonekana vizuri kuliko ubongo wako ni mti wa mwembe ulioko nyuma. Omba CD na ile ripoti ya maandishi, vyote viwili, uviweke pamoja kwenye bahasha moja, na kila uendapo hospitali nyingine uende navyo.